TAHADHARI: Muuza kamba na mikanda "myepesi" ya kupandia miti ni tapeli, msimtumie pesa

Wawindaji wenzangu mnaootea mnyama mkiwa juu ya mti, viganja vyangu vyote viwili vimefungwa bandeji na naandika kwa kidole gumba kimoja, kwa hiyo makosa ya herufi mtanisamehe. Nimeibiwa, na nusura nife. Aibu ninayo, maana mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wengine wasinunue vitu vya kupandia kwa mtu wasiyemjua. Lakini nikinyamaza, atakayefuata anaweza asiamke.

Nilikuwa natafuta vifaa vipya kwa sababu ya mgongo wangu, habari yake sirudii. Nilitaka seti nyepesi tu: mkanda wa kukalia, kamba ya juu ya kujifungia shinani, kamba ya fundo (ile fupi inayofungwa juu ya kamba kubwa ili ibane), karabina mbili, yaani pete za chuma zenye mlango wa kufunga. Nikauliza hadharani nani anazo. Haikupita hata saa moja, jamaa akanifuata kwa ujumbe.

Neno lake la kwanza halikuwa bei. Aliniuliza, "Kaka mkubwa, ukiwa na nguo zote, mkoba na upinde, una kilo ngapi?" Hapo ndipo aliponimaliza. Nimeshaongea na wauzaji wengi, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, na ndilo swali ambalo mtu anayejua kazi huanza nalo. Nikamjibu. Akaniambia nisibebe ngazi fupi nne za kufunga shinani, tatu zinatosha kama nitaning'iniza kitanzi cha kukanyagia chini ya kila moja. Kweli tupu. Akaniambia kamba ya juu niifunge usawa wa kichwa au zaidi na nisiiache ilegee hata kidogo, kwa sababu mkanda wa kukalia haukutengenezwa kudaka mtu anayeanguka. Hilo nalo ni kweli. Sasa niambieni, mtu anayekufundisha namna ya kutokufa, utamdhania vipi kwamba ndiye anayekuuzia kifo?

Usiku akatuma video. Mizani ya kuning'iniza, ndoano yake imebeba mkanda, kamba na karabina zote, mshale unasimama kabla ya kilo tatu. Halafu yeye mwenyewe yuko mtini, anajirusha kwenye mkanda, miguu inasukuma shina, anaongea kwa kunong'ona kama mtu anayeotea mnyama. Nimeitazama mara nyingi mno video ile. Juzi ndipo nilipoisimamisha na kuikuza: kamba ya kwenye video ni ya kijani yenye madoa meusi mawili mawili. Yangu ina doa moja moja. Alinionyesha ya kwake, akaniuzia nyingine.

Nikaomba cheti. Akatuma picha ya karatasi yenye mhuri, imeandikwa EN 1891 aina A, kilonyutoni 22, poliesta. Nikaenda kuhakiki, na namba ni za kweli: hicho ndicho kiwango cha kamba zisizovutika sana, na aina A inatakiwa ihimili kilonyutoni 22, yaani zaidi ya tani mbili. Nikaridhika. Nilihakiki karatasi, kamba sikuihakiki. Nikatuma pesa yote kwa mkupuo.

Mzigo ulipofika niliujaribu, msiseme sikuujaribu. Nilifunga kamba ya juu kwenye mti, nikaning'inia huku miguu ikikaribia kugusa chini, dakika kumi nzima. Ikashika. Alfajiri iliyofuata nikapanda mita tano hivi. Nikasimama kwenye jukwaa dogo la mtini, nikakaa kwenye mkanda, nikaanza kuzunguka shina taratibu kutafuta upande wa kulenga. Fundo la Prusik, lile la kamba fupi linalotakiwa kubana kamba ya juu likibeba uzito, likateleza. Kwanza kidogo, kama kidole kimoja, nikadhani linajikaza. Nikajiegemeza tena, likaachia moja kwa moja. Miguu ikatoka jukwaani. Nikaidaka kamba kwa mikono yote miwili, ikapita viganjani kama moto, nikajibamiza ubavu kwenye ngazi ya juu, kisha nikasimama ghafla. Kilichonisimamisha ni fundo la kuzuia nililofunga kwenye ncha ya kamba. Mzee aliyenifundisha kupanda alikuwa ananigombeza kila nilipolisahau. Bila fundo hilo leo mngekuwa mnasoma habari nyingine.

Nilishuka kwa kamba yangu ya zamani ya kiunoni, natetemeka. Viganjani kulikuwa na utando wa kijani unaong'aa, unanuka plastiki iliyoungua. Kamba ya fundo ilikuwa imeyeyuka juu, ikaganda ngumu na kung'aa kama kucha. Na kwenye kitanzi cha mbele cha mkanda, mshono mmoja ulikuwa umefumuka nyuzi tatu, kwa mshtuko ule mmoja tu.

Nilimwandikia siku hiyo hiyo, na picha za mikono. Akajibu, "Ulifunga vibaya kaka." Kisha akanibloku. Mtu anayejua kila kitu kuhusu kupanda! Hii ndiyo inayonichoma. Si mchuuzi aliyeuza asichokijua. Anajua kabisa kwamba mteja wake atakuwa juu, gizani, peke yake, na hakuna atakayemsikia akianguka. Huyu asihukumiwe kwa wizi, ashtakiwe kama mtu aliyetaka kuua. Afungwe. Arudishe pesa za kila mtu, na akitoka asiruhusiwe kuuza hata kamba ya kuanikia nguo. Nimeshapeleka malalamiko na vipande vyote vya ushahidi, na kama mpo mlioumizwa naye, pelekeni na ninyi, kwa sababu malalamiko ya mtu mmoja ni rahisi kuyaweka kando.

Dalili zilikuwepo, naziandika haraka mkono unauma. Niliikata kamba: kamba ya EN 1891 ina utepe mwembamba ndani, urefu wote, umechapwa jina la mtengenezaji, kiwango na mwaka. Yangu ndani ni nyuzi nyeupe tu. Nikatupia kipande kwenye beseni la maji kikaelea. Poliesta huzama, nailoni huzama, hii inaelekea ni polipropilini, plastiki inayoelea, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi wakati poliesta hufika 250 na zaidi, ndiyo maana msuguano wa fundo uliilainisha. Kamba ya fundo nayo ilikuwa nene sawa na kamba ya juu na ngumu, wakati inatakiwa iwe nyembamba zaidi ndipo ibane. Karabina: maandishi ya kilonyutoni yalikwanguka kwa ukucha, na alama ya CE, ile ya usalama ya Ulaya, haikufuatwa na tarakimu nne za shirika linalokagua. Na nilipoomba picha ya ncha iliyokatwa akasema "zimebaki seti mbili, wahi," nami nikawahi. Tapeli mkubwa. Hata sasa nikikumbuka sauti yake ile ya kunong'ona nashindwa kulala.

Amebadilisha jina la akaunti lakini video ni ile ile, ya mizani na kunong'ona. Mkiiona, ripotini. Na kama umeshanunua kwake, usiipande hata mara moja, hata kwa kujaribu chini, maana chini itashika kama ilivyonishikia mimi. Kata kipande leo, kiweke majini, kikielea nitumie picha niiongeze kwenye ushahidi.