Datsun 240Z yenye injini ya Mark II: nimeiendesha, nimeilalia chini, sasa ninunue?

Haya jamani, wiki mbili hii gari iko kichwani mwangu, nalala nayo naamka nayo, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimepata mwanamke. Nikamwambia si mwanamke ni Datsun. Akasema afadhali angekuwa mwanamke, hanywi petroli.

Gari ni 240Z ya 1972, gari ya spoti ya Kijapani, rangi ya chungwa, iko kwa mzee mmoja Nyali, hapa Mombasa, ndani ya banda la makuti, namba zake za usajili ni zile za zamani kabla ya namba za KAA kuanza. Anataka milioni 2.4. Nimeenda mara mbili, mara ya kwanza peke yangu nikiwa na mapenzi tu, mara ya pili na fundi wangu ambaye hapendi kitu chochote duniani, na hiyo ndo sababu naenda naye.

Kwa vijana ambao hawaijui, Z ndo ilishinda mbio za magari za Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, halafu 1973 na Shekhar Mehta. Ile ya 73 ilikuwa kali, Mehta na Harry Källström walimaliza na penalti sawasawa, Källström naye yuko ndani ya Datsun nyingine, ikabidi iangaliwe nani alikwenda mbali zaidi kabla hajapata penalti ndo Mehta akapewa. Kwa hivyo huku kwetu hii si gari ya kukaa shoo kama huko Ulaya, hii ni gari iliyokula matope, na ukipita nayo wazee wenye nywele nyeupe wanasimama barabarani. Mimi mmoja alinifungulia njia pale mzunguko wa Nyali, mzunguko wa Nyali! hapo hata ambulensi haipewi njia.

Sasa, hii si ile tena. Kiwandani ilitoka na injini ya L24, silinda sita kwa mstari, lita 2.4, kabureta mbili, karibu farasi 150 za kwenye karatasi. Hii ya mzee ina injini ya 1JZ ya Toyota Mark II, lita 2.5, haina turbo, gia za mkono. Jamaa zangu wa magari ya zamani walivyosikia wakalia kama wamefiwa, eti ni kumwaga sukari kwenye biriani. Mimi siko upande huo wallahi. L24 ikikufia hapa gasketi ya hedi utaitoa wapi, utakaa miezi miwili wangoja mtu wa Japani ajibu meseji. 1JZ napiga simu asubuhi, adhuhuri kijana wa boda yuko mlangoni na pampu ya maji. Kama ingekuwa na L28 ya 280Z ningefurahi zaidi, maana ni ukoo mmoja na inakaa palepale pa L24 bila kukata kata, lakini L28 nayo ni ya kuokota?

Na kitu cha kuchekesha, magari ya mtumba ya Kenya nzima yashukia hapa bandari ya Kilindini, twayaona kila siku, lakini sheria inaruhusu gari isiyozidi miaka 8, sasa gari ya miaka hamsini haitakuja kirahisi na Mark II zingine. Z zilizoko ndo hizo hizo, na wenye nazo wanajua, ndo maana mzee hata hatetereki.

Kuendesha? Tamu. Sitadanganya. Gari ina kama tani moja na kidogo, ukikanyaga inaondoka mara moja, na ile boneti ndefu mbele yako wahisi kama waendesha mashua. Sauti ni safi, si ile kelele ya egzosti za Vitz za vijana wa Bamburi. Usukani mzito ukiwa umesimama ukitembea unalainika. Gia ya pili inagoma ikiwa baridi, si neno. Lakini breki ni zile zile za zamani, diski mbele na ngoma nyuma, aliyeongeza injini hakukumbuka kwamba kinachokimbia sharti kisimame, na pale daraja la Nyali tuk tuk iliponikatia nilisoma Ayatul Kursi yote mpaka mwisho kabla gari haijasimama. Kisha foleni ya Buxton saa nane mchana, sindano ya joto ikaanza kupanda, mzee kando yangu anasema "hiyo ni geji tu mwanangu," haya geji tu, mbona nasikia harufu ya kulanti, maji ya radieta. Radieta ni ndogo, feni moja, Mombasa. Hakuna AC pia, lakini hiyo nilitarajia. Harufu ya moshi ndani ya gari nayo ni ugonjwa wa Z zote, mpira wa mlango wa nyuma ukichoka moshi unavutwa ndani, dawa ni mpira mpya.

Hayo yote ni pesa na ni pesa ninayoweza kuhesabu. Kilichoniumiza ni fundi kutoa sumaku mfukoni.

Unajua sisi twakaa na chumvi ya bahari. Gari ya Nairobi ya miaka ishirini na gari ya Mombasa ya miaka mitano, pita chini yake kutu ni moja. Na Z hata huko kwao inajulikana kwa kuoza, chini ya betri, sakafu, zile reli za chini, mashavu ya nyuma ya tairi, kitundu cha tairi ya akiba. Fundi akaanza mlango, sumaku ikashika. Boneti ikashika. Akaenda nyuma ya tairi la nyuma, sumaku ikaanguka. Akaokota akajaribu upande wa pili, ikaanguka tena. Hapo hakuna bati jamani, hapo ni fila tupu, ile putii ya kuziba mashimo, imepigwa rangi ya chungwa ikang'aa. Tukaomba kuinua zulia upande wa dereva, mzee akasita sita, tukainua, kuna bati jipya limewekwa na rivet juu ya lile lililooza, hata weldi hakuna, rivet! kama sufuria ya mtaani. Nikaingiza bisibisi kwenye reli ikazama kama kwenye embe. Na mauntingi ya injini ya Toyota imeshikwa hapo hapo karibu. Yaani hiyo nguvu yote naivuta na chuma kilicholiwa.

Waya nazo ni tambi. Z ya asili taa za mbele zinapitisha umeme wote kwenye swichi bila rilei ya kuipunguzia mzigo, sasa huyu aliyeunganisha 1JZ akaongezea feni na pampu ya mafuta humo humo kwa tepu nyeusi. Fundi alitazama sekunde kumi akafunga boneti taratibu kama mtu afunikae maiti.

Halafu karatasi. Logbuku, hati ya umiliki wa gari, bado yasema injini ya L24 na rangi nyekundu. Ili injini hii iandikwe humo lazima uende NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, utaulizwa injini ilitoka wapi, na mzee hana hata kipande cha risiti. "Nilinunua kwa mtu." Mtu gani ami? "Mtu tu."

Basi nikapiga hesabu kwenye simu, bodi peke yake ukitaka kwa haki, kukata na kuweldi chuma kipya, fundi amesema laki nne na nusu akianza, na wote twajua fundi akisema akianza. Breki, radieta, waya, laki mbili na kitu. Nikamwambia mzee milioni 1.3 na logbuku airekebishe yeye. Akacheka mpaka akakohoa, akaniambia mwanangu kwa pesa hiyo nenda kanunue Probox. Nikamwambia Probox ninayo ami, ndo hiyo nimeegesha nje.

Tuliagana vizuri, akanipa na dafu. Akishuka hadi 1.5 na namba ya injini iwe kwenye logbuku nitarudi na pesa, nikiwa mzima au mwendawazimu mke wangu ataamua. Ikiwa wewe waenda kuiona kabla yangu, nenda mchana, banda halina taa, na vaa nguo ambazo huna huruma nazo maana lazima ulale chini.