TAHADHARI: Anayejifanya shabiki wa Linkin Park na kuuza tiketi ni tapeli, amenipiga pesa

Jamani, naandika huku mikono inatetemeka. Tangu juzi usiku sijalala, na kama siyo kuambiwa jana kwamba kuna wengine wamelizwa na mtu huyu huyu, ningebaki na aibu yangu moyoni. Mnaonifahamu mnajua konsati hii ya Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, ilikuwa na maana gani kwangu.

Tulifika getini mapema, mimi na mdogo wangu. Foleni ndefu ila inasogea. Nikatoa simu, nikaongeza mwanga wa skrini, nikafungua ile tiketi aliyonitumia. Kijana wa getini akapitisha kimashine chake. Kikatoa mlio mzito, taa nyekundu. Akafuta kioo cha simu yangu kwa mkono wa shati lake, akapitisha tena. Nyekundu. Mara ya tatu akaishika simu mwenyewe, akaitazama kwa karibu, kisha akaniuliza taratibu, "Dada, hii si ni picha? Tiketi yenyewe iko wapi?" Nikamwambia ndiyo hiyo. "Hapana dada, nifungulie kwenye programu." Programu ipi? Mimi nilikuwa na picha tu, picha mbili, moja yangu na moja ya mdogo wangu, na watu nyuma yetu wameanza kuguna.

Jamaa aliyetufuata akapitisha ya kwake, na hapo ndipo nilipoona. Juu ya msimbo wa tiketi yake, ule unaosomwa na kimashine, kulikuwa na kamstari kanatembea, kanaenda kanarudi. Wangu ulikuwa umetulia tuli. Tukasogezwa pembeni. Mdogo wangu hakusema neno, akafunga zipu ya koti lake juu ya fulana ya bendi, mpaka shingoni. Hilo ndilo lililonimaliza.

Kisha taa za ndani zikazimwa, uwanja ukapiga yowe moja, besi ikaanza kutufikia kupitia ukutani. Unaisikia kifuani lakini maneno huyapati. Miaka yote ile ya kusubiri, halafu sauti ya Emily Armstrong, mwimbaji wao mpya, naisikia nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa barabara nje ya geti.

Mtauliza niliaminije. Nilitangaza kwamba natafuta tiketi mbili, yeye akaja inboksi ndani ya dakika chache. Hakuanza na pesa. Alianza na Chester Bennington, mwimbaji wa bendi aliyefariki. Akanieleza alikuwa wapi Julai 2017 habari za msiba zilipomfikia, akanieleza alivyokesha Oktoba ile akiangalia wanabendi wenzake Chester wakimuaga pale Hollywood Bowl, ukumbi wa wazi wa Los Angeles. Akasema Septemba 2024 alipomwona Mike Shinoda, mmoja wa waanzilishi wa bendi, amesimama tena na bendi baada ya miaka 7, alilazimika kutoka nje akalie. Mimi nililia pia, mnajua. Nikajiambia mtu hawezi kusema hivi kama hajaumia. Kumbe kila tarehe katika maneno yale inasomeka mtandaoni na yeyote mwenye simu. Ameuchukua msiba wetu akaufanya chambo, na hilo linaniuma kuliko pesa.

Halafu hakunipandishia bei. Walanguzi wanauza mara mbili, mara tatu, yeye akaniandikia, "Dada angu, nirudishie tu niliyotoa, mama kalazwa siwezi kwenda." Nikamwombea mama yake dua, kweli kabisa nilimwombea. Akanitumia video fupi ya barua pepe ya manunuzi, kidole kinapandisha na kushusha, jina la uwanja linaonekana, tarehe inaonekana. Nikamwomba anihamishie tiketi ziingie kwenye akaunti yangu. Akasema uhamisho haujafunguliwa bado, ila picha zinatosha getini. Na kweli zipo konsati ambazo uhamisho hufunguliwa siku chache kabla, ndiyo maana nikakubali. Akaniomba nitume pesa kama ninamtumia rafiki, siyo kama malipo ya bidhaa, eti tusikatwe makato. Jina la mpokeaji likatokea jingine kabisa. Akasema ni shemeji yake. Nikabonyeza.

Benki wamenijibu jana: umetuma mwenyewe kwa hiari yako, na njia hiyo haina kinga ya mnunuzi. Basi.

Mtu huyu nataka akamatwe. Siyo kufungiwa akaunti, akaunti atafungua nyingine kesho. Nataka asimame mbele ya hakimu, asomewe jina la kila aliyemliza, arudishe hadi senti ya mwisho na akae ndani. Na huyo shemeji, kama yupo, naye akamatwe, maana pesa imepita mkononi mwake. Polisi nimesharipoti, namba ya jalada ninayo. Jina lake la mtandaoni siliandiki hapa kwa sababu nimegundua picha na jina anavyotumia ni vya mtu mwingine asiye na hatia, lakini anayetaka kulinganisha aniandikie nitamwonyesha mazungumzo yote.

Mtamtambua hivi: anakuja yeye, humtafuti. Hataki kupigiwa simu, kila ukipiga yuko wodini. Anatuma picha, kuhamisha hataki. Kuna na safu ya viti iliyoandikwa kwenye tiketi zake, baadaye nimetazama ramani ya uwanja, haipo kabisa. Akaunti yake ukishuka chini ina miezi michache tu.

Pale nje ya geti kulikuwa na mama mmoja na kijana wake, nao wamekwama. Tukaweka simu zetu pamoja. Picha ile ile. Juu kwenye kona saa imeandika 11:08, betri asilimia 41, kwangu na kwake. Picha moja ameiuza kwa watu wangapi Mungu ndiye anajua.

Asubuhi hii ametangaza tena, konsati nyingine, tiketi mbili, mama kalazwa. Kama umeshaongea naye na hujatuma pesa, usitume. Kama umetuma leo, ipigie benki yako sasa hivi kabla hajazitoa.