Bunduki ya marisau kwa mtoto mwenye umbo dogo: tathmini ya Mossberg 500 Bantam ya geji 20

Binti yangu alipotimiza miaka 13, akiwa na urefu wa sentimita 148 na uzito usiofika kilo 40, alijiunga na timu ya shule yake ya kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa angani, hapa Minnesota nchini Marekani, jimbo ambalo ligi yake ya shule za sekondari ilianza mwaka 2001 na ambamo wasichana hushindana bega kwa bega na wavulana. Mimi nilikulia Tanzania, ambako bunduki niliiona kwa mlinzi wa benki na kwa askari wa wanyamapori tu, kwa hiyo nililazimika kujifunza kila kitu upya. Nimeandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi wenzangu wasomao Kiswahili ambao watoto wao wameingia katika mchezo huu, kwa sababu kosa nililolifanya mwanzoni lilimuumiza mtoto, na lilikuwa kosa la kuepukika kabisa.

Muuzaji wa duka la kwanza alinipa bunduki ya mtutu mmoja, ya kukunjwa katikati, ya geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu, na namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo), fupi na nyepesi sana, akaniambia kwamba hiyo ndiyo bunduki ya watoto. Niliishika kwa mkono mmoja nikaridhika. Alinipa na boksi la risasi zenye wakia moja ya marisau, yaani gramu 28, kwa maelezo kwamba marisau yakiwa mengi mtoto atapata urahisi wa kupiga. Uwanjani binti yangu alipiga risasi tano za kwanza kwa ushujaa. Kufikia ya kumi alikuwa anafumba macho kabla ya kufyatua, na mtutu ulikuwa unashuka kidogo kila alipoita kisahani, kwa kuwa mwili ulikwisha kulitarajia pigo. Usiku ule mama yake alimkuta na alama ya zambarau iliyotoka kwenye mtulinga hadi karibu na kwapa, na nyingine ndogo chini ya jicho, pale mgongo wa kitako ulipokuwa unamgonga shavuni.

Sababu yake ni ya kifizikia na haibishaniwi. Risasi inaposukumwa mbele, bunduki husukumwa nyuma, na kwa risasi ileile, kadiri bunduki inavyokuwa nyepesi ndivyo pigo linavyozidi. Bunduki ya kilo 2 humpiga mlengaji kwa nishati ambayo ni mara moja na nusu ya ile ya kilo 3. Basi ule wepesi ulionifurahisha dukani ndio uliomuumiza mtoto uwanjani. Kwa upande wa pili, bunduki nzito kupita kiasi humfanya mtoto ajipinde kwa nyuma ili kuubeba uzito wa mtutu, kisigino cha mbele kikanyanyuka, na hapo hana tena msimamo. Inayotakiwa ni bunduki nzito kiasi ambacho mtoto anaweza kuishikilia begani kwa dakika nzima bila mtutu kuanza kutetemeka. Jaribio hilo lifanyike dukani, bunduki ikiwa imefunguliwa na kukaguliwa kwamba ni tupu, kabla ya kutoa hata senti moja.

Wapo watakaokushauri uchukue bunduki ndogo zaidi, ile ya .410, ambayo tundu lake lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Kweli, risasi yake ya kawaida ya gramu 14 haipigi sana bega. Lakini gramu 14 ni marisau machache mno, na wingu la marisau machache lina mapengo ambayo kisahani chenye upana wa milimita 108 hupenya salama hata pale mtoto alipolenga vizuri. Mwanafunzi anayefanya kila kitu sawasawa na bado anakosa hujifunza kukata tamaa. Mimi naiona .410 kuwa silaha ya mlengaji hodari anayetafuta ugumu, na simshauri mzazi yeyote amwanzishie mtoto nayo mchezo wa visahani.

Tuliporudi sokoni mara ya pili, tulianza na futi ya fundi cherehani badala ya bei. Kipimo cha kwanza ni umbali kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Bunduki nyingi za watu wazima zina takribani inchi 14, sawa na sentimita 35.5, na mtoto wa sentimita 148 akiipachika begani hulazimika kunyoosha shingo kama kuku anayechungulia, huku kitako kikitoka begani na kukaa juu ya mkono. Zamani watu walipima kwa kuweka kitako katika kunjo la kiwiko na kuona kama kidole kinafika kwenye kifyatulio, lakini njia hiyo haijui shingo ya mtoto ina urefu gani wala kifua chake kina upana gani. Kocha wa timu alituonyesha njia bora: mtoto afumbe macho, apandishe bunduki tupu begani mahali panapomstarehesha, kisha afumbue. Jicho likute limekaa juu kidogo ya ukanda wa mtutu, likiiona ile shanga ya mbele, yaani kidude cha kulengea kilicho kwenye ncha ya mtutu, bila kutafuta, na kati ya pua na dole gumba la mkono wa kifyatulio pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Pua ikigusana na dole gumba, kitako ni kifupi mno na damu ya pua haiko mbali.

Mossberg 500 Bantam ndiyo iliyofaulu mtihani huo. Ni bunduki ya pampu, ya ukoo wa modeli 500 ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, yenye mtutu wa inchi 22, na ni nzito kuliko ile ya kwanza. Toleo tulilochukua, linaloitwa Super Bantam, lina kitako kinachorekebishwa kati ya inchi 12 na 13 kwa kuongeza au kuondoa kipande cha plastiki kinachokaa kati ya kitako chenyewe na mpira wa begani. Kishikio cha mbele, kile kinachovutwa kupakia risasi, kimesogezwa nyuma ili mkono mfupi ukifikie bila bega kuchomoka mahali pake. Jambo hili linaonekana dogo hadi umwone mtoto akijaribu pampu ya mtu mzima. Kufuli ya usalama ipo juu ya mgongo wa bunduki, mbele ya dole gumba, ambapo mtumia mkono wa kushoto na wa kulia huifikia kwa usawa na kocha anaiona kwa mbali.

Mkono wa kushoto ulituhusu sana. Binti yangu huandika kwa kulia, lakini jicho lake tawala, yaani lile linaloongoza katika kulenga, ni la kushoto. Tuliligundua kwa kumwambia aunganishe viganja na kuacha tundu dogo, aangalie kitasa cha mlango kupitia tundu hilo, kisha afumbe jicho moja moja: alipofumba la kushoto, kitasa kilipotea. Kocha alimhamishia bunduki bega la kushoto siku ileile, na kwa sababu alikuwa bado hajajenga mazoea, alizoea ndani ya wiki mbili. Mpimeni mtoto jicho kabla ya kununua, kwa maana kosa hili haliponywi na bunduki ya bei yoyote.

Tulibadilisha pia risasi, na naamini badiliko hili lilichangia nusu ya nafuu yote. Tulitoka gramu 28 tukaenda kwenye wakia 7/8, yaani karibu gramu 25, zenye mwendo wa chini. Anayedhani kwamba hizo ni risasi za kitoto akumbuke kwamba walengaji wa Olimpiki hutumia gramu 24. Visahani havihitaji zaidi. Kwa pamoja, uzito ulioongezeka na marisau yaliyopungua vilimfanya mtoto amalize raundi mbili za visahani 25 na kuomba ya tatu.

Mipaka ya bunduki hii niieleze bila kuficha. Mtutu wa inchi 22 ni mfupi kwa mchezo wa visahani. Mtutu mfupi huanza kusogea upesi na husimama upesi vilevile, na anayesimamisha mtutu wakati wa kufyatua hupiga nyuma ya kisahani. Kwa mwaka wa kwanza au wa pili si tatizo kubwa. Tena, bunduki ya pampu haina chochote cha kupunguza pigo isipokuwa uzito wake na mpira wa begani, ilhali bunduki za nusu otomatiki, zinazojipakia zenyewe kwa nguvu ya gesi ya baruti, kama Remington 1100 iliyoanza mwaka 1963, hulitandaza pigo hilo katika muda mrefu kidogo na bega hulihisi kama msukumo. Mtoto mwenye maumivu ya bega, au anayekusudia kushindana kwa miaka mingi, apewe hiyo ikiwa mfuko unaruhusu, na kifungwe kizuizi cha maganda ili yasimrukie jirani wa kulia. Zile za mitutu miwili iliyopangwa juu na chini, kama Browning Citori ya vipimo vidogo, ni nzuri na salama, kwani kila mtu huona zikiwa zimefunguka, lakini bei yake ni mara kadhaa ya Mossberg, na mtoto hukua.

Hapo kwenye kukua ndipo wazazi wengi wa kwetu hukosea, kwa sababu tumezoea kununua sare ya shule iliyozidi saizi mbili ili imfae hadi darasa la saba. Sare pana haimuumizi mtoto. Kitako kirefu humfundisha msimamo mbaya ambao kocha atautoa kwa jasho.

Kuhusu sheria, muuzaji mwenye leseni hapa Marekani haruhusiwi kumuuzia bunduki ya aina hii aliye chini ya miaka 18, kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, kwa hiyo mzazi ndiye mnunuzi, ndiye anayejaza fomu na kuchunguzwa kumbukumbu zake. Mwenye ukazi wa kudumu anaweza kununua. Wenye viza za muda kwa kawaida hawaruhusiwi isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Na asije mtu akampelekea fundi msumeno akate mtutu, kwa sababu chini ya inchi 18 ni kosa kubwa la jinai. Nyumbani bunduki yetu hukaa ndani ya kabati la chuma na risasi katika kabati jingine, na funguo zote mbili ninazo mimi.

Tahadhari moja ya mwisho inahusu nyumba au timu yenye bunduki za geji 12 pamoja na za geji 20. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kimakosa katika bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu, mahali ambapo jicho haliioni. Mtu akidhani hakupakia, akaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unaweza kupasuka mkononi. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Binti yangu hubeba zake katika mfuko wa kiunoni ambao haujawahi kuingia risasi ya rangi nyingine, na hukagua mwenyewe kila moja kabla ya kuipakia.

Mwezi Aprili uliopita, baada ya miezi kumi, niliona dole gumba limeanza kuisogelea pua. Tulifungua skrubu mbili za mpira wa begani mezani jikoni, tukarudisha kile kipande cha plastiki tulichokuwa tumekihifadhi, na kitako kikafika inchi 13. Aliipandisha begani macho yakiwa yamefumbwa, akafumbua, akasema shanga iko mahali pake.