Lozi 23 juu ya boksi, lozi 17 ndani yake

Juu ya boksi la kinywaji cha lozi nililonunua zimechorwa lozi 23. Nimezihesabu mara mbili, usiku, nikiwa nimekaa jikoni peke yangu na hasira yangu. Ubavuni, kwa herufi ambazo zilinilazimu kuazima miwani ya mume wangu, imeandikwa kwamba lozi ni asilimia 2 ya kinywaji, yaani gramu zipatazo 20 katika lita nzima. Na kwa kuwa punje moja iliyomenywa ina uzito wa gramu moja na kidogo, humo ndani hazizidi 17. Picha ina lozi nyingi kuliko maziwa.

Tumbo langu lilikwisha kuyakataa maziwa ya ng'ombe tangu nilipojifungua mara ya mwisho. Mashanza, yaani maziwa yaliyochachuka, nayavumilia, kwa sababu uchachu umekwisha kula sehemu ya ile sukari ya maziwa inayonisumbua, lakini ni nani Bukavu hii anayetia mashanza katika kahawa? Ndiyo maana Jumamosi moja, mvua zikiwa zimeanza, niliingia katika alimantasyo moja, duka la vyakula, mtaani Nyawera, nikatoa dola 5 kwa boksi moja la lita. Kwenye rafu muuzaji alikuwa amebandika kikaratasi chenye neno « lait », yaani maziwa, kwa kalamu nene. Boksi lenyewe halikuthubutu kusema hivyo. Limeandikwa « boisson », yaani kinywaji. Ulaya linakotoka, ukiacha majina machache yaliyoorodheshwa, neno maziwa limehifadhiwa kwa kile kinachokamuliwa kwa mnyama, na mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililikazia jambo hilo. Laiti ningelisoma kabla ya kulipa.

Siku iliyofuata alikuja mama mkwe wangu. Nilimtengenezea kahawa ya kisiwa cha Idjwi, kali, ya moto, nikamimina kile kinywaji mbele yake kwa madaha ya mtu aliyenunua kitu cha dukani. Kabla sijaweka boksi mezani, kikombe kilikuwa kimejaa vipande vyeupe vinavyoelea, na chini kulikuwa na vumbi lililotulia kama mchanga wa ziwani. Mama mkwe alikizungusha kijiko polepole, akanitazama, akasema kwa sauti ya upole ambayo ni mbaya kuliko kelele: « Mwanangu, haya ni maziwa ama ni chokaa? »

Ni chokaa, Mama. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakukosea. Kiwanda hutia kalsiamu kaboneti, ambayo ni jiwe la chokaa lililosagwa laini, ili kinywaji kikaribie maziwa kwa kalsiamu, nayo hushuka chini usipotikisa boksi. Sikutikisa, nakiri. Vile vipande navyo vina sababu yake: kahawa yetu ya Kivu, aina ya arabika, ina uchachu, na protini ya mimea ikikutana na uchachu na moto kwa ghafla huganda. Lakini kama kiwanda kinalijua jambo hilo, kwa nini hakikuandika onyo mahali penye ile picha kubwa?

Jumatatu nililirudisha boksi. Sikutaka hata pesa. Nilitaka mtu aniambie « pole, Mama ». Muuzaji hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Alisema: « Mama, ulishafungua, ulishakunywa, sasa unatuletea maji? » Nilimjibu kwamba maji hayo ndiyo niliyouziwa. Hapo akaniangalia vizuri, watu wakiwa wamejipanga nyuma yangu, akasema: « Kama makuta, pesa yako, inakuuma, enda ununue soya soko ya Kadutu. » Walicheka. Nilitoka na boksi langu kwapani.

Tangu siku hiyo nimelisoma boksi hilo kama mwanafunzi anayengojea mtihani. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia: yametangulia maji, ikafuata sukari, ndipo zikaja lozi. Sukari ndiyo iliyowashinda wenye nyumba! Ule uzito wa kinywaji ulimini unaoudhania kuwa utamu wa lozi hutokana na unga wa mbegu za karobu na gundi ya gelani. Sisemi kwamba ni sumu, vinaruhusiwa na havijaniumiza. Ila protini ni nusu gramu katika mililita 100, wakati soya hufika kama gramu 3, karibu sawa na ng'ombe. Mtu asimpe mtoto mdogo kitu hiki akidhani amempa maziwa.

Kwa hasira nilitii tusi lile. Nilikwenda Kadutu, nikanunua soya, nikailoweka usiku kucha, nikaisaga, nikaichemsha muda mrefu, kwa maana soya mbichi huzuia tumbo kumeng'enya protini, kisha nikaikamua kwa kitambaa. Jamani. Nyumba nzima ilinuka maharagwe mabichi, watoto walikimbia, na kesho yake asubuhi maziwa hayo ya soya yalikuwa yamekwisha kuchacha. Katika kahawa yaliganda kuliko yale ya lozi. Nikaanza kuwaheshimu kidogo watu wa kiwandani, jambo ambalo sikulitarajia kuliandika hapa.

Basi hukumu yangu imelegea. Maziwa ya lozi siyanunui tena, hata kwa dola moja. Pengine kwa dola moja ningenunua. Ila kwenye rafu ileile kuna boksi la soya lisilo na sukari, lenye maji na soya tu, ambalo ukilipasha moto kwanza na kulimimina kikombeni kabla ya kahawa, halikuaibishi sana. Kwa kuwa niliapa kutokanyaga pale, nilimtuma mtoto wa dada yangu. Alirudi na boksi, chenji kamili, na salamu: muuzaji alitaka kujua kama mama wa lozi hajambo.