Karatasi ya picha iliyoekspaya: dukani balaa, kwa solagrafi haina neno

Karatasi naipa nyota nne, duka naipa moja. Ni Ilford Multigrade ya nyeusi na nyeupe, inchi 5 kwa 7, nimeipata kwa duka moja la vifaa vya studio huku mjini, jina nitaliacha. Muuzaji kaitoa juu ya kabati, vumbi tele, tarehe ishapita zamani, halafu eti anionyeshe karatasi zimo, akapasua ile bahasha nyeusi ya ndani palepale kaunta chini ya taa ya tyubu! Jamani, unauza karatasi ya picha hujui haitaki mwanga? Na bei anataka ya mpya. Kashuka nshafika mlangoni.

Sasa kama wewe ni mtu wa chumba cha giza, wa dawa na taa nyekundu, pakiti hiyo ni ya kutupa. Kwa solagrafi, yaani kupiga picha ya njia ya jua angani kwa muda mrefu, twende kazi. Huku hakuna kuosha, unaikunja ndani ya kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kitundu cha sindano, unalifunga imara linatazama jua, unaliacha wiki au hata miezi, na ile madini ya fedha kwenye karatasi inabadilika rangi yenyewe kwa vile mwanga ni mwingi mno, hiyo tyubu ya dakika moja haiifanyi kitu. Kuna kopo Uingereza, kwenye kituo cha nyota cha chuo kikuu cha Hertfordshire, liliwekwa 2012 likasahaulika hadi 2020 na picha ikatoka.

Maelekezo mengi utakayoona yanasema elekeza kusini, hayo ni ya watu wa Ulaya bana. Sisi Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, jua la saa sita liko utosini, mistari mingi ya njia ya jua itapita juu nje ya picha. Elekeza mashariki, baharini. Jua linachora mstari mmoja kila siku na kwetu inapanda kutoka majini karibu wima kabisa, ya Juni iko kushoto, ya Disemba kulia, na siku za mawingu hazichori kitu, kwa hivyo masika kwangu yametoka kama kitana kilichong'oka meno. Nzuri wallahi.

Karatasi yenyewe kwa unyevu wa pwani imejitahidi, ina plastiki kwa hivyo haikujikunja, ila maji ya mvua yaliingia kwa kitundu yakaacha doa pembeni, ndiyo nyota moja ikaenda. Lakini kopo usilifunge karibu na feri ya Likoni au bandarini tafadhali, kopo limezungushwa tepu nyeusi hivyo, askari hatakuuliza habari za sanaa. Paa la nyumbani latosha.

Ikitoka ni kahawia inaelekea zambarau, ukiigeuza negativu kwa simu inakuwa bluu. Usiitie dawa ya fiksa, ile ya kuzuia karatasi isiendelee kubadilika, picha inafifia. Nenda saiba uiskani, na umwambie jamaa mapema asipige previu tatu nne kama wanavyozoea, maana taa ya skana nayo inaichoma, ni mara moja tu kwa resolusheni kubwa, kisha irudi kwa bahasha isiyopitisha mwanga.