Kuanza na Kitovu cha Picha au Kuanza na Turubai Zima

Anayechora mandhari nje kwa rangi za mafuta hulazimika kuamua mapema kama ataanza na kitovu cha picha, yaani mahali jicho litakapotua kwanza, au atafunika turubai zima kabla ya kukigusa.

Njia ya kwanza ina haki yake, kwa kuwa jua husogea nyuzi 15 kila saa, na mwanga uliomvutia mchoraji huenda ukatoweka kabla hajauwahi. Hata hivyo, rangi huonekana nzito au angavu kwa kulinganishwa na jirani zake, hivyo anayechora kitovu juu ya turubai jeupe mara nyingi hukikoza vibaya, kisha hukikwangua.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendelea, huanza na vivuli kwa rangi iliyozimuliwa, ikiacha rangi nene, kingo kali na weupe wa juu kabisa kwa ajili ya kitovu peke yake. Kwa kuwa rangi ya mafuta hubaki mbichi kwa saa nyingi, kingo za pembeni zinaweza kulainishwa papo hapo kwa brashi kavu, na kazi hiyo hukisaidia kitovu kuliko kukirundikia michoro midogo midogo. Jioni tu, mwanga unapokimbia, ningetangulia kuweka alama chache za kitovu.