Betri kubwa za gridi California: kibali kitoke kaunti au jimboni?
California mwenye mradi wa betri za gridi (betri kubwa za kuhifadhi umeme wa mtandao wa taifa au jimbo) ana milango miwili ya kuombea kibali. Kaunti: majirani wanakaa kikaoni wanauliza moshi ukitoka upepo unaupeleka wapi, na zimamoto wanaoulizwa ndo haohao watakaoitwa usiku, ila kaunti ikikataa mradi umekwama. Jimboni: tangu sheria ya 2022, betri za kuanzia 200 MWh (kiasi cha umeme zinachoweza kuhifadhi) zinaweza kwenda Tume ya Nishati moja kwa moja, uamuzi ndani ya siku 270 faili likikamilika, hata kama kaunti haitaki. Wataalam wapo kweli, lakini kituo cha betri cha Moss Landing, huko huko California, kilipoungua Januari 2025, barabara kuu ya Highway 1 ikafungwa, zaidi ya watu 1,000 wakahamishwa, na hao ni wakazi wa palepale. Mi naona jimbo likague ufundi, ila zimamoto wa kaunti wasiporidhika kibali kisitoke.